Kifungo cha Tatu

Wiki tatu nilikuwa chini, kwenye msingi wa nguzo,
na ndoo, na burashi, na goti lililokufa ganzi,
nikitoa ukoga ndani ya herufi moja moja:
JEMADARI LUDOVICO ARCHENTI. ALIANGUKA ALFAJIRI.
Ndani ya herufi O palikuwa na konokono.
Nilimhamisha kwa adabu, kama mpangaji aliyechelewesha kodi.

Wazee wa Monteralbo walipita na mikate kwapani,
wakanisimulia, kila mmoja kivyake, jinsi alivyokufa:
juu ya farasi; hapana, kwa miguu;
akiimba; akitukana; akiomba maji.
Mjane wa mwokaji akasema, "Alikufa kabla ya kahawa,
na mtu hafi shujaa kabla ya kahawa. Hufa amenuna."

Ufunguo anao Ersilia.
Kaurithi kwa mama, mama kwa shangazi.
Ndani ya nguzo mna vidato mia mbili na kumi na viwili
vinavyojizungusha kama mawazo ya mtu aliyekosa usingizi.
Kwenye kidato cha tisini alisimama, mkono ukutani.
"Magoti yangu," alisema, "yamekwisha kumheshimu."

Juu, upepo wa milimani ulinikamata kola.
Na huyo hapo, mara mbili ya kimo cha mtu,
njiwa begani, upanga umevunjika ncha,
akilinda bonde ambalo sasa lina kiwanda cha friji.
Nilianza na buti. Nikapanda: goti, mkanda,
kifungo cha kwanza, cha pili,
cha tatu hakipo.

Si kwamba kimevunjika. Majeraha ya jiwe nayajua:
radi hupasua, barafu humenya.
Hapa patasi ilipita polepole, ikaacha tundu dogo,
na kutoka tunduni, jiwe lilelile,
uzi.
Uzi wa marumaru, unaning'inia, ncha imekatika.

Mhandisi Quaglino ameandika kwenye orodha yake:
*Kifua: nyufa na kasoro. Zizibwe.*
Saruji ninayo, nyeupe, koponi.

Usiku ule Ersilia alinifunulia daftari la malipo.
Mchongaji: Defendente Ravera. Miaka kumi na mmoja kazini.
Na pembeni, kwa mwandiko mwingine, wino umefifia:
*zamani mtumishi wa jemadari, pasi na sindano.*
Basi. Hakuna neno jingine.

Yaliyobaki nimeyajaza mwenyewe, na huenda nimekosea:
hema, taa ya mafuta, kijana anayelamba uzi
unaokataa kupenya;
sauti nje, "Wamevuka mto!";
mkubwa analichomoa koti mikononi mwake,
"Wacha, hicho kitangoja,"
na risasi, kati ya vifungo saba,
ikaukuta mlango ulioachwa wazi.

Kisha miaka kumi na mmoja, huko hewani,
mahali pasipofika jicho ila la ndege.
Hakuna hakimu aliyemhukumu.
Kwa kifungo kimoja
alijihukumu kifungo.

Asubuhi nilikoroga saruji kama nilivyoagizwa.
Nikaitazama ikigandia ndani ya kopo lake.
Vumbi la uzi nililipuliza kwa mdomo,
burashi ingeukata,
na kwenye orodha ya mhandisi nikaandika: *Kifua, tayari.*

Chini alikuwapo Tazio na baiskeli yake isiyo na breki.
"Umeona nini huko juu?"
"Njiwa."
"Njiwa tu?"
Baridi ilikuwa imeanza. Nilifunga koti langu kutoka juu,
na vidole vilipofika katikati
nikakikuta kimoja kinachezacheza kwenye uzi wake.